Keki haina gluteni, mbona tumbo bado linajaa gesi?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, naishi Tanga. Mwaka jana daktari aliniambia nina IBS, yaani utumbo unaosumbuka kirahisi, akanishauri nijaribu mlo wenye FODMAP kidogo. Niliacha ngano, vitunguu na maharage, na kwa kweli nimepata nafuu kubwa. Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza, na kila akija huniletea keki za pakiti zisizo na gluteni ili na mimi nisikose kitafunio cha chai ya jioni. Shida ni kwamba nyingine zinanikubali, nyingine nalala nimevimba hadi gauni halifungi. Ya limau ndiyo inanichanganya zaidi: siku moja naila salama, siku nyingine inanitesa. Nimekunakilia viungo vya keki tatu. Mimi nilidhani kisicho na gluteni kinanifaa moja kwa moja. Je, sivyo? Na nitajuaje kabla sijala?"

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umefanya vizuri kunakili viungo vyote mpaka zile namba za E za viongezeo. Wengi huniandikia jina la keki na rangi ya pakiti, kisha wanasubiri nitabiri.

Sivyo. Keki kukosa gluteni hakuifanyi iwe na FODMAP kidogo. Kati ya hizo tatu, ya limau inakufaa ukila kipande kimoja. Ile ya tende na kakao haikufai kwa sasa. Ile iliyoandikwa kuwa haina sukari ndiyo ya kuweka mbali kabisa, ingawa nahisi ndiyo kaka yako aliyoichagua kwa makini kuliko zote. Nitakueleza ninavyozisoma, ili pakiti ya nne uisome mwenyewe.

Gluteni ni protini. FODMAP ni jamii ya sukari na wanga wa minyororo mifupi: fruktani; GOS, ambazo ndizo zinazofanya maharage yajulikane kwa kazi yake; laktosi ya maziwa; fruktosi inapozidi glukosi; na polioli kama sorbitoli, ambazo hutumika kutia utamu vitu visivyo na sukari. Jina hilo lilitolewa mwaka 2005 na watafiti wa Melbourne, Australia, Peter Gibson na Sue Shepherd, na Chuo Kikuu cha Monash cha huko ndicho kilichoendelea kupima vyakula kimoja kimoja maabara. Vitu hivi utumbo mwembamba hauvifyonzi vizuri. Vinavuta maji, vinateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanavichachua na kutoa gesi. Kwa fruktani na GOS, hili linatokea kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba neva za utumbo wa mwenye IBS huhisi ule mvutano kupita kiasi, na kinachokuwa hewa tu kwa jirani yako, kwako kinakuwa maumivu.

Sasa, ngano ina vyote viwili: gluteni ndani yake, na fruktani ndani yake. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, anaikimbia kwa sababu ya gluteni. Wewe, kwa maelezo yako, ni uwezekano mkubwa kwamba unaikimbia kwa sababu ya fruktani, maana vitunguu navyo vimejaa fruktani na havina gluteni hata chembe, na ulipoviacha vyote viwili ukapata nafuu. Kule Oslo watafiti waliwachukua watu 59 walioamini kuwa gluteni inawadhuru ingawa hawakuwa na siliaki, wakawapa vipande vya nafaka vilivyofichwa gluteni, au fruktani, au bila chochote, kwa zamu, kila zamu siku saba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa fruktani ndiyo iliyowasumbua kuliko gluteni. Nalitaja hili kwa sababu linabadilisha unachokitafuta kwenye pakiti.

Alama ya "haina gluteni" mbele ya pakiti ina maana moja: kwa kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex, ambacho Uingereza na Ulaya wanakifuata, chakula hicho hakizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Basi. Hakuna aliyepima fruktani, wala laktosi, wala sorbitoli. Na hakuna mstari wa FODMAP kwenye jedwali la virutubisho, usiutafute.

Fikiria mwokaji aliyeondoa unga wa ngano kwenye keki yake. Amepoteza kitu kinachoshikilia keki isivunjike, amepoteza unyevu, na amepoteza nyuzinyuzi. Anarudisha nini? Unga wa mchele na wanga wa viazi, mahindi au muhogo ndio msingi wa keki nyingi za namna hii, na hivyo havina ugomvi na tumbo lako. Lakini keki ya wanga mtupu hukauka upesi na kumeguka. Kwa hiyo anaongeza kitu cha kugandisha, kitu cha kushika maji, na siku hizi kitu cha kuifanya ionekane ya afya. Ni hapo, kwenye nyongeza, ndipo FODMAP zinaporudi kupitia mlango wa nyuma. Ngano imeondoka, lakini unaweza kukuta keki yenye fruktani nyingi kuliko hiyo ya ngano iliyoachwa.

Tuanze na keki yako ya limau, kipande gramu 35: sukari, mayai, mafuta ya rapa, wanga wa viazi, unga wa mchele, wanga wa mahindi, E422, E450, E500, unga wa wei, E471, E415, chumvi, ladha ya limau.

Sukari imekaa ya kwanza na nadhani ilikutisha. Isikutishe kwa suala hili. Sukari ya kawaida ni glukosi na fruktosi zilizoshikana moja kwa moja, utumbo mwembamba unazikata na kuzifyonza, haihesabiwi kuwa FODMAP. Kwa hiyo ule mstari wa jedwali unaosema gramu ngapi za sukari kwa kila gramu 100 hausemi lolote kuhusu gesi yako. Una mambo yake mengine, meno na uzito, lakini si haya. Mayai na mafuta havina FODMAP. Wanga zote tatu ziko sawa.

E422 ni gliseroli, ya kushika unyevu. Iangalie vizuri, kwa sababu imetofautiana kwa tarakimu moja tu na E420, ambayo ni sorbitoli. Gliseroli hufyonzwa vizuri juu huko kwenye utumbo mwembamba. Sorbitoli haifyonzwi vizuri. Watu wawili wanaosoma pakiti hiyo hiyo kwa haraka, mmoja bila miwani, watafikia uamuzi tofauti. E450 na E500 ni za kuumua, ndizo zilizomo kwenye beking pauda. E471 inatokana na mafuta. E415 ni zanthani, gundi inayoshika mahali pa gluteni. Kiasi cha ndani ya keki ni kidogo na wengi haiwasumbui. Kwa ujumla, hofu ya namba za E ni kubwa kuliko inavyostahili, na nitakutajia baadaye chache tu za kuziogopa.

Kinabaki unga wa wei, yaani maji ya maziwa yanayobaki jibini likitengenezwa, yakakaushwa. Huo una laktosi nyingi, takriban asilimia 70 ya uzito wake. Lakini ni kiasi gani kiko kwenye kipande chako? Hapa nakupa njia ninayoitumia mwenyewe. Kwa sheria ya huko, viungo huandikwa kwa uzito, kizito kwanza, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 2, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Kwenye keki, vitu vya kuumua, chumvi na zanthani kwa kawaida huwa katika kundi hilo la chini. Wei imeandikwa katikati yao, kwa hiyo nayo ni ya huko. Tuseme imefika asilimia 2 kamili: gramu 35 za keki zitakuwa na gramu 0.7 za wei, ambazo ni kama nusu gramu ya laktosi. Monash wanakihesabu chakula kuwa salama kwa laktosi kikiwa chini ya gramu 1 kwa mlo. Kipande kimoja kinapita. Vipande viwili viko mpakani. Vitatu, umeshavuka.

Sasa ya tende na kakao, kipande gramu 50, yenye maneno mengi mbele kuhusu asili na nguvu: tende asilimia 28, lozi za kusaga, unga wa dengu, shira ya agave, kakao, korosho, nyuzinyuzi za chikori, juisi nzito ya tufaha, mafuta ya nazi, chumvi.

Binti, hii ni orodha ya mtihani. Tende gramu 14 peke yake pengine zingepita, kwa kuwa FODMAP zake hutegemea sana kiasi. Lozi nazo, kama punje kumi hivi, huwa sawa, zikifika ishirini GOS zinazidi. Unga wa dengu, huu huu wa bajia, ni wa jamii ya kunde, na ulipoacha maharage ulikuwa unaikimbia sukari hiyo hiyo. Shira ya agave ni fruktosi kwa wingi bila glukosi ya kutosha kuisindikiza. Korosho zina GOS na fruktani, na hata kiganja kidogo ni kingi. Najua kumwambia mtu wa nchi hii aache korosho ni kumwonea, lakini ndivyo ilivyo. Juisi nzito ya tufaha inaleta fruktosi na sorbitoli kwa pamoja.

Ila kiungo kibaya kuliko vyote humo ni kile kinachosomeka kama baraka: nyuzinyuzi za chikori. Hiyo ni inulini, na inulini ni fruktani iliyochujwa ikawa unga mweupe mtamu kidogo. Waokaji wanaipenda kwa sababu inashika maji, inaongeza utamu, na inawaruhusu kuandika kwamba keki ina nyuzinyuzi nyingi. Haina namba ya E, kwa hiyo ukizoea kukagua namba tu hutaiona. Kwenye pakiti za Kiingereza itafute kwa majina haya: "inulin", "chicory root fibre", "oligofructose", "FOS". Hata kama wameweka asilimia 2 tu kwenye keki yako, gramu 50 zina gramu 1 ya inulini. Kipimo cha Monash kwa fruktani na GOS kwenye nafaka, kunde na njugu ni gramu 0.3 kwa mlo. Umekula zaidi ya mara tatu ya kipimo hicho kabla hatujahesabu dengu na korosho.

Umeniandikia pia kwamba jedwali la keki hiyo linasema nyuzinyuzi gramu 6.5 kwa kipande. Huo ndio mstari mmoja wa jedwali unaofaa kuutazama. Keki ya mchele na wanga haina nyuzinyuzi za maana. Ya limau yako ina gramu 0.4. Ukiona keki isiyo na ngano ina gramu nne, tano, sita kwa kipande, jiulize zimetoka wapi. Zikitoka kwenye maganda ya psiliamu au mbegu za chia au kitani kidogo, huenda ni sawa. Zikitoka kwenye chikori, mbaazi, dengu au unga wa nazi, rudisha rafuni. Mstari huo haukupi jibu lenyewe, ila unakuambia orodha uisome kwa macho mawili.

Ya tatu, ya vanila isiyo na sukari, kipande gramu 40: E965, mayai, mafuta ya alizeti, wanga wa mahindi, unga wa mchele, E420, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, E471, E415, chumvi. Na chini, kwa maandishi madogo, onyo kwamba ukila kwa wingi unaweza kuharisha.

Onyo hilo si mapambo. Sheria inalidai pale polioli zilizoongezwa zinapozidi asilimia 10 ya chakula. Maana yake kipande chako cha gramu 40 kina zaidi ya gramu 4 za maltitoli na sorbitoli, na kipimo cha polioli zote kwa mlo mmoja ni gramu 0.4. Ni zaidi ya mara kumi. Mtu mwenye tumbo la chuma naye angeisikia. Maziwa ya unga humo, ambayo nusu ya uzito wake ni laktosi, hata sina haja ya kuyahesabu.

Basi namba za E za kuziweka kichwani, au kwenye simu yako, ni hizi: E420 sorbitoli, E421 manitoli, E953 isomalti, E965 maltitoli, E966 laktitoli, E967 zailitoli. Zote ni polioli zinazofupishwa na watengenezaji kama "sweetener", na utazikuta zaidi kwenye vitu vya wenye kisukari na vya kupunguza uzito kuliko kwenye keki za kawaida. E968, erithritoli, hufyonzwa vizuri kuliko hao wengine, ila kwenye keki mara nyingi haiji peke yake. Na usiogope E322 kwa sababu imeandikwa imetokana na soya. Hiyo ni lesithini, ni mafuta. GOS ziko kwenye unga wa soya, si kwenye mafuta yake.

Kuhusu shira, kwa sababu pakiti ya nne lazima itakuwa nayo: shira ya glukosi haina neno. Ikiandikwa glukosi-fruktosi, glukosi ndiyo nyingi, na kwa kipande kimoja mara nyingi inavumilika ikiwa imekaa chini kwenye orodha. Ikigeuzwa ikawa fruktosi-glukosi, fruktosi ndiyo nyingi, iache. Asali iache pia, hata kama bibi anasema ni dawa.

Pengine utakutana na kitu kitakachokustua: wanga wa ngano kwenye keki iliyoandikwa haina gluteni. Si kosa la uchapaji. Wanga huo umesafishwa hadi gluteni ikashuka chini ya ile miligramu 20, na kusafishwa huko kunaondoa na fruktani karibu zote. Kwa mlo wako hauna shida.

Umeniambia ya limau siku nyingine inakukubali na siku nyingine inakutesa, na viungo ni vile vile. Kwa hiyo tusiitazame keki tena, tutazame meza. Unaila jioni na chai. Chai gani? Hukusema, lakini kwa Tanga nakisia ni ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktosi kwa mililita 100. Kikombe kikubwa cha mililita 250, nusu maji nusu maziwa, kina gramu 6 hivi. Umekuwa ukiichunguza keki yenye nusu gramu ya laktosi huku mkono wa pili umeshika kikombe chenye mara kumi na mbili yake. Watu wa pwani wengi wakishakua hupungukiwa na kimeng'enya cha kukata laktosi. Uwezo wa kunywa maziwa ukubwani umeenea zaidi kwa jamii za wafugaji, kama utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake wa mwaka 2007 uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan ulivyoonyesha. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu keki, inywee chai ya rangi na tangawizi, au ya mdalasini, kwa wiki moja.

Jambo la pili ni saa. FODMAP hazikusumbui zikiwa mdomoni. Nyingi huanza vurugu saa kadhaa baadaye, zikishafika utumbo mpana. Ukila pilau ya kununua saa saba mchana, nyama imekaangwa na vitunguu na saumu ya kutosha, kisha keki saa kumi na moja, tumbo likaanza kuvimba saa mbili usiku, mwenye kosa anaweza kuwa pilau. Na hata kama kila kimoja peke yake kingepita, vinajumlishana. Ni kama kwenye daladala: abiria wa mwisho kupanda ndiye anayetazamwa vibaya, wakati kubanana kumeletwa na wote. Andika kwa siku chache ulichokula tangu asubuhi na saa yake. Hutahitaji daftari la kuvutia, nyuma ya kalenda kunatosha.

Halafu kuna mafuta. Keki nyingi za namna hii zina mafuta mengi, maana mafuta ndiyo yanayoficha ukavu wa wanga. Mafuta si FODMAP, lakini kwa watu wengi wenye IBS huchochea utumbo kujikamua. Ikiwa umekula vipande vitatu na maumivu yalikuja mapema, pamoja na haja ya kukimbilia chooni, pengine hata si suala la sukari hizi.

Ukitaka kujua kwa hakika kama keki fulani inakufaa, ijaribu siku tumbo limetulia, siku ambayo chakula kingine chote ni kile ulichokizoea: ugali, samaki, mchicha, wali. Kula nusu kipande, bila maziwa. Kesho yake kipande kizima. Kesho kutwa kimoja na nusu, kama hicho ndicho kiasi unachokitamani kweli. Usijaribu kitu kingine kipya katika siku hizo tatu. Likichafuka, acha hadi litulie, na sasa unajua mpaka wako uko wapi kwa keki hiyo. Usijaribu wiki ya mitihani, wala safarini, wala siku za hedhi ikiwa ndizo siku tumbo lako huwa na visa vyake. Utapata jibu la uongo.

Sasa kaka yako. Mweleze kwamba sehemu ya dukani ya vyakula vya wenye siliaki ni mahali pa kuanzia tu. Atafute keki ya kawaida kabisa, ya limau, vanila, au karoti bila zabibu kavu, isiyojisifu kwa nyuzinyuzi, matunda wala kukosa sukari. Inachekesha, lakini kwa tumbo lako keki iliyojaa sukari na wanga mweupe mara nyingi ni salama kuliko ile iliyovaa majani ya kijani kwenye pakiti. Apige picha ya nyuma, akutumie kabla hajalipa. Akiona nembo ya Monash ya FODMAP ndogo, au ile ya FODMAP Friendly, hizo zimepimwa maabara na kipimo cha kipande kimetajwa. Lakini keki zenye nembo ni chache, na kukosa nembo si ushahidi kwamba keki ni mbaya. Programu ya simu ya Monash nayo inasaidia kukagua kiungo kimoja kimoja kwa kiasi chake. Na kila pakiti mpya isomwe upya, hata ikiwa ni keki ile ile. Viwanda hubadilisha viungo bila kupiga hodi, na keki yenye jina moja inaweza kuwa na orodha tofauti ikiuzwa nchi nyingine.

Na kwa nini usubiri ndege? Mkate wa kumimina ni unga wa mchele, tui, sukari, hamira, yai na iliki. Vitumbua ni hivyo hivyo. Ni vitafunio visivyo na gluteni vilivyokuwepo pwani kabla hatujajua gluteni ni nini. Cha kuangalia ni tui, maana likiwa zito na jingi FODMAP zake zinapanda, kwa hiyo changanya na maji na ule kipande cha kiasi. Na ukinunua, muulize muuzaji kama ameongeza kijiko cha unga wa ngano, maana wapo wanaofanya hivyo ili kishikane.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hukuniuliza. Umesema uliacha ngano, vitunguu na maharage tangu mwaka jana. Hatua ya kuacha kila kitu ni ya wiki mbili hadi sita, si ya kudumu. Baada ya hapo unarudisha kundi moja moja ili ujue ni lipi hasa linalokusumbua na kwa kiasi gani. Fruktani na GOS ndizo chakula cha bakteria wazuri wa utumbo mpana, na utafiti umeonyesha kuwa mlo huu ukibana sana hupunguza jamii ya bifidobakteria. Inawezekana kabisa kwamba vitunguu ndivyo vinavyokuumiza, na kwamba kipande kimoja cha keki ya ngano ya duka la jirani ungekila bila tatizo.

Lakini kabla hujakigusa, muulize daktari wako kama ulipimwa siliaki. Kipimo chake cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale tu unapokula gluteni. Ukipima baada ya miezi ya kukaa bila ngano, jibu linaweza kuwa hasi hata kama ugonjwa upo. Kwa hiyo mpange pamoja: urudishe ngano chini ya uangalizi wake kwa wiki kadhaa, kisha upime. Mwombe pia aangalie choo tena kama hakijaangaliwa kwa muda, maana kimelea cha utumbo kiitwacho giardia huleta gesi na kuvimba kunakofanana sana na hiki unachonieleza. Na ikiwa kuna damu kwenye choo, unapungua uzito bila kutaka, umepungukiwa damu, au tumbo linakuamsha usiku kuharisha, usisubiri kujaribu keki yoyote. Nenda hospitali wiki hii.